Falsafa ya Utransendentali na Dhana ya Kujitegemea: Kumsoma Utubora Mkulima kutoka Muheza

Utangulizi

Makala hii inachunguza uhai wa falsafa ya utransendentali katika jamii ya leo kwa kuisoma sambamba na riwaya ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, kisha kuyapima mawazo ya pande zote mbili katika mazingira ya Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Utransendentali ni fikra iliyoshika mizizi Marekani katika miaka ya 1830. Inadai kwamba ukweli mkuu haupatikani kwa milango ya fahamu wala kwa mapokeo peke yake, bali kwa dhamiri ya mtu mwenyewe, na kwamba maumbile ndiyo mwalimu wa dhamiri hiyo. Makala haidai kwamba Shaaban Robert alikuwa mfuasi wa fikra hiyo. Inachodai ni kwamba swali lililoulizwa Concord, Massachusetts, liliulizwa upya Tanga kwa Kiswahili, na lilipoulizwa huku lilipata kitu ambacho kule lilipungukiwa, yaani jirani.

Swali la Concord

Ralph Waldo Emerson aliacha uchungaji mjini Boston mwaka 1832, na mwaka 1836 akachapisha kitabu chake kidogo kuhusu maumbile. Jina la falsafa hiyo linatokana na Kant, ingawa Emerson na wenzake walilitumia kwa ulegevu ambao mwanafalsafa huyo Mjerumani pengine asingeuvumilia. Insha ya Emerson ya mwaka 1841 kuhusu kujitegemea ndiyo kiini cha mjadala huu. Humo anamtaka mtu asikubali kuishi kwa maoni ya umma, awe mwaminifu kwa kile anachokijua moyoni hata kama kesho kitapingana na alichokisema leo.

Aliyelijaribu wazo hilo kwa mikono yake ni Henry David Thoreau. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia katika kibanda alichojijengea kando ya bwawa la Walden, akakaa huko miaka miwili na miezi miwili. Kitabu chake cha mwaka 1854 kimejaa hesabu. Kibanda kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Shamba lake, lililokuwa hasa la maharage, lilimpa faida ya dola 8 na senti 71 na nusu katika msimu wa kwanza. Msomaji wa mjini huzipita hesabu hizi haraka ili afike kwenye maelezo ya bwawa na ndege, lakini mkulima angeanzia hapo hapo. Thoreau alitaka kuonyesha kwamba binadamu huuza muda mwingi wa uhai wake kwa ajili ya vitu asivyovihitaji.

Wahakiki wameshaonyesha dosari ya jaribio hilo. Ardhi ile ilikuwa mali ya Emerson. Nyumba ya wazazi wa Thoreau ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu, naye alikwenda huko mara kwa mara. Hakuwa na mke, mtoto wala mzazi wa kumlisha. Dosari hii haiibatilishi falsafa yake, ila inaonyesha mahali ambapo haikujaribiwa.

Utubora na majirani zake

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, akafariki mwaka 1962. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kazi hiyo ilimshikilia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ni muhimu kulikumbuka hilo tunapoisoma Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968. Riwaya inamhusu mtu mwenye kazi ya heshima na mshahara mzuri, ambaye anaiacha kazi hiyo licha ya mwajiri kumsihi abaki, akaenda Busutamu kulima. Aliyeandika habari za kuiacha ofisi alikuwa mtu aliyeijua ofisi.

Mlingano na Thoreau uko wazi. Wote wawili wanaukataa ujira unaoitawala nafsi, na wote wanaliona jembe kuwa chombo cha fikra. Tofauti, hata hivyo, ndiyo yenye uzito. Thoreau anakwenda porini ili awe peke yake. Utubora anakwenda shamba na papo hapo anaingia katika mahusiano. Wema wake unapimwa kwa namna anavyoishi na watu wa Busutamu, si kwa kina cha upweke wake. Hata jina lake linasema hivyo, kwani utu katika Kiswahili haukamiliki kwa mtu aliyejitenga.

Kuna kisima kingine ambacho pande zote mbili zilichota. Emerson aliwasoma Saadi na Hafiz, washairi wa Uajemi, kwa tafsiri za Kijerumani, na aliwapenda mno. Shaaban Robert naye aliyatia katika Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam kutoka Kiingereza cha FitzGerald. Kwa hiyo mtafiti anayeuona utransendentali kama bidhaa ya Magharibi iliyoletwa pwani kwa meli anakosea tangu mwanzo. Fikra kwamba maumbile yanamwonyesha mtu kilicho juu ya maumbile ilikuwa imezoeleka upwani muda mrefu kabla ya Concord.

Neno moja, amri mbili

Kujitegemea ni neno ambalo msomaji wa Tanzania hawezi kulisikia bila kukumbuka mwaka 1967, lilipowekwa katika Azimio la Arusha na katika waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa Emerson anayejitegemea ni mtu mmoja mbele ya jamii. Kwa Nyerere ni kijiji na taifa mbele ya wafadhili na mabeberu. Mabadiliko haya yalikuwa ya lazima katika nchi iliyotoka katika ukoloni, na Muheza ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mkonge ulioletwa pwani hii mwaka 1893 ulilimwa na manamba ambao hawakuwa na nafasi ya kuisikiliza dhamiri kuhusu kazi yao.

Lakini Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu kwa nguvu, kujitegemea kuligeuka kuwa jambo la kuamriwa. Hapa Emerson bado ana kazi ya kufanya kwetu. Hoja yake kwamba hakuna anayeweza kutii dhamiri ya mwingine kwa niaba yake inabaki kuwa kipimo cha sera yoyote inayotumia neno hilo.

Amani na Derema

Jaribio gumu zaidi la falsafa hii limo katika misitu ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia Amani mwaka 1902. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini. Maji ya Mto Zigi, unaotoka katika milima hiyo, ndiyo yanayonywewa katika Jiji la Tanga. Hakuna mahali katika mkoa huu ambapo mafundisho ya Emerson kuhusu maumbile yangepata wasikilizaji wepesi zaidi.

Hata hivyo, kaskazini ya hifadhi hiyo upo ukanda wa Derema, ambako wanavijiji walilima iliki chini ya kivuli cha miti ya msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukanda huo ulipimwa ili uwe ushoroba wa kuunganisha misitu, na wakulima zaidi ya elfu moja wakapoteza mashamba yao ya iliki kwa fidia iliyozua malalamiko ya muda mrefu. Sababu za kiikolojia zilikuwa za kweli: iliki huhitaji msitu ufyekwe chini, na miche ya miti mikubwa haioti tena. Iliki pia haistawi katika uwanda wa joto wa Muheza, kwa hiyo ardhi mbadala ya bondeni haikuweza kurudisha zao lile.

Thoreau hasaidii sana hapa, kwa sababu alipochoka na maharage yake aliondoka tu. Shaaban Robert anasaidia zaidi. Anayemsoma Utubora hawezi kuutazama msitu bila kumtazama anayelima pembeni yake, wala kuuita usafi wa maumbile kitu kamili wakati jirani amebaki bila zao. Fidia ya Derema ilihesabu mashina ya iliki. Njia ya kuhesabu hasara ya mtu aliyekuwa akijitegemea, na ambaye sasa anangoja kibarua katika shamba la chai la mwingine, haikuwemo katika jedwali la tathmini.

Ni katika pengo hilo ambapo tasnifu za fasihi ya Kiswahili zinaweza kuchangia kitu ambacho tasnifu za misitu hazijakifikia. Wazee wa vijiji vilivyopakana na ushoroba wangali wanaeleza, kwa Kisambaa na kwa Kiswahili, jinsi walivyouelewa msitu kabla ya mipaka kuwekwa, na simulizi hizo hazijasomwa kwa jicho moja na Utubora Mkulima.