Uhusika katika Kijerumani

Uhusika katika Kijerumani (kwa Kijerumani: Kasus au Fall) ni utaratibu wa kisarufi unaoonyesha kazi ya nomino au kiwakilishi katika sentensi: nani anatenda, nani anatendwa, nani anatendewa, na kitu ni cha nani. Kijerumani cha leo kina uhusika wa aina nne, nao ni nominativi, akuzativi, dativi na genitivi. Alama zake huonekana zaidi katika maneno madogo yanayoitangulia nomino, kama der, den, dem na des, kuliko katika nomino yenyewe.

Nomino za Kiswahili hazina uhusika wa namna hiyo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeanza Kijerumani anajua vizuri mtenda ni nani na mtendwa ni nani, ila amezoea kuipata habari hiyo ndani ya kitenzi. Kijerumani kimeiweka mahali pengine.

Kitenzi cha Kiswahili na kibainishi cha Kijerumani

Katika sentensi "Mtoto anamwita mvuvi", kiambishi a- kinamrejelea mtoto na -mw- kinamrejelea mvuvi. Nomino hizo zikibadilishana nafasi, "Mvuvi anamwita mtoto", maana inageuka, kwa sababu zote mbili ni za ngeli ya A-WA na viambishi haviwezi kuzitofautisha. Msikilizaji anategemea mpangilio wa maneno.

Kijerumani husema Das Kind ruft den Fischer. Mtu akisema Den Fischer ruft das Kind, mpangilio umegeuka lakini maana imebaki ileile: mtoto ndiye anayeita. Neno den linatosha kueleza kwamba mvuvi ndiye anayeitwa. Kama mvuvi angekuwa mwitaji ingekuwa Der Fischer ruft das Kind. Tofauti yote imo katika herufi moja, r au n, na msomaji mwenye haraka huiruka.

Hata hivyo jambo hili si geni kabisa kwa Mswahili. Nomino zikiwa za ngeli tofauti, Kiswahili nacho huruhusu kuzigeuza: "Mtoto ameisoma barua hii" au "Barua hii mtoto ameisoma". Hakuna anayedhani kwamba barua imemsoma mtoto, maana a- ni ya mtoto na -i- ni ya barua. Kwa Kijerumani ni Das Kind hat diesen Brief gelesen na Diesen Brief hat das Kind gelesen. Upatanisho wa ngeli unafanya sehemu ya kazi ambayo Kijerumani kimeipa uhusika.

Kuna mahali ambapo Kijerumani nacho hushindwa. Katika Die Mutter ruft die Tochter (mama anamwita binti) neno die ni lilelile kwa mtenda na mtendwa, hivyo msikilizaji huchukua nomino ya kwanza kuwa mtenda, kama kwa Kiswahili.

Maumbo ya kibainishi

Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia ya kisarufi: ya kiume, ya kike au ya kati. Jinsia hiyo haitegemei maumbile ya kitu. Kijiko (der Löffel) ni cha kiume, uma (die Gabel) ni wa kike na kisu (das Messer) ni cha kati. Sangara, ambaye madukani Ujerumani huuzwa kwa jina la Viktoriabarsch, ni wa kiume hata akiwa jike. Kibainishi hubadilika kufuata jinsia, idadi na uhusika, kwa mpangilio huu wa kiume, kike, kati, kisha wingi:

Nominativi: der, die, das, die
Akuzativi: den, die, das, die
Dativi: dem, der, dem, den
Genitivi: des, der, des, der

Nafasi ni 16 lakini maumbo ni sita tu, na ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu der linalotambulishwa siku ya kwanza kuwa "la kiume" linarudi baadaye katika dativi na genitivi ya kike, na tena katika genitivi ya wingi. Wanaolalamika wakumbuke kwamba Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Kiambishi i- ni cha umoja katika "nyumba imeanguka" na cha wingi katika "miti imeanguka", wala hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganyikiwa. Jedwali likitazamwa vizuri linaonyesha pia kwamba nominativi na akuzativi hutofautiana katika jinsia ya kiume peke yake. Katika dativi ya wingi nomino nyingi huongezwa -n: die Kinder huwa den Kindern.

Baadhi ya nomino za kiume hubadilika zenyewe kwa kuongezwa -n au -en kila zinapotoka katika nominativi ya umoja. Miongoni mwake ni der Mensch (mtu), der Herr (bwana), der Kunde (mteja), der Löwe (simba) na der Patient (mgonjwa). Hivyo husemwa den Patienten na dem Patienten.

Akuzativi na dativi: -m- moja, maneno manne

Akuzativi kwa kawaida ni uhusika wa yambwa tendwa, na dativi ni wa yambwa tendewa. Katika Die Mutter brät dem Gast einen Fisch, yaani "Mama anamkaangia mgeni samaki", samaki yuko katika akuzativi na mgeni katika dativi. Kauli ya kutendea ya Kiswahili ni daraja zuri la kuifikia dativi: yule anayekaangiwa, anayepikiwa, anayeandikiwa au anayeletewa mara nyingi ndiye mwenye dem.

Daraja hilo lina mwisho wake. Kiswahili hutumia kiambishi kilekile cha yambwa katika "ninamwona", "ninampa" na "ninamsaidia". Kijerumani hutenganisha: ich sehe ihn (akuzativi), lakini ich gebe ihm das Buch na ich helfe ihm (dativi). Kosa la kusema ich helfe ihn ni la kawaida sana kwa wanaotoka katika Kiswahili. Vitenzi vinavyotaka dativi pekee ni pamoja na helfen (kusaidia), danken (kushukuru), antworten (kujibu), folgen (kufuata), gehören (kuwa mali ya) na vertrauen (kuamini). Maana ya kitenzi haitoshi kumwongoza mwanafunzi: kumjibu mtu ni dativi, lakini kumwuliza (fragen) ni akuzativi. Inabidi kitenzi kijifunzwe pamoja na uhusika wake, kama nomino inavyojifunzwa pamoja na der, die au das.

Kiambishi -m- cha Kiswahili hakitaji pia kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Kijerumani hutaja: ihn na ihm kwa mwanamume, sie na ihr kwa mwanamke. Kwa hiyo -m- moja ina maneno manne ya kuchagua, na anayesikiliza lazima ayatofautishe papo hapo. Kwa vijana wanaokwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi au kutunza wazee, hili si suala la alama za mtihani tu. Katika chumba wanamokaa mume na mke wazee, agizo Geben Sie ihm die Tabletten humaanisha mzee wa kiume apewe vidonge, na Geben Sie ihr die Tabletten humaanisha bibi ndiye apewe. Kwa Kiswahili yote mawili ni "mpe vidonge". Neno ihr lina mtego mwingine: likiwa katika nominativi humaanisha "ninyi".

Hisia za mwili nazo mara nyingi huelezwa kwa dativi. Mir ist kalt ni "nasikia baridi" na mir ist schlecht ni "nasikia kichefuchefu". Anayesema ich bin schlecht kwa nominativi amejiita mtu mbaya, au amesema hana uwezo. Hapa Kiswahili kina mfano wa karibu katika "nyumba hii inanipendeza", ambayo muundo wake unalingana na dieses Haus gefällt mir: nyumba ndiyo kiima, na anayependezwa yuko upande wa yambwa.

Vihusishi, na habari ya ziwa

Kihusishi cha Kijerumani huilazimisha nomino inayokifuata kuchukua uhusika fulani. Durch, für, gegen, ohne na um hutaka akuzativi. Aus, bei, mit, nach, seit, von na zu hutaka dativi, ndiyo maana msafiri wa basi la kutoka stendi ya Nyegezi husafiri mit dem Bus. Makundi haya mawili ni ya kukariri tu.

Kundi la tatu lina vihusishi tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor na zwischen. Hivi huchukua akuzativi au dativi kulingana na maana, na ndivyo vinavyomsumbua zaidi msemaji wa Kiswahili, kwa sababu -ni ya mahali haitofautishi kuwapo na kuelekea. "Niko shuleni" na "nakwenda shuleni" zina shuleni moja. Kitenzi ndicho kinachotofautisha. Kijerumani husema ich bin in der Schule (dativi) na ich gehe in die Schule (akuzativi). Inafaa kuongeza kwamba neno shule lenyewe limetokana na Schule wakati wa utawala wa Wajerumani. Lilipoingia Kiswahili liliacha nyuma die na der zake, likapewa -ni kama nomino nyingine za mahali.

Walimu wengi hutoa kanuni kwamba penye mwendo pana akuzativi na penye utulivu pana dativi. Kanuni hiyo ni nyepesi kuikumbuka, lakini ina kasoro, na ziwa linaionyesha vizuri. Watoto wanaoogelea wana mwendo, lakini husemwa die Kinder schwimmen im See, kwa dativi (im ni in dem), kwa kuwa wamo ziwani na wanabaki humo. Wakiruka kutoka kwenye jiwe na kutumbukia majini ni die Kinder springen in den See, kwa akuzativi. Vivyo hivyo das Boot fährt auf dem See ni mtumbwi unaozunguka ziwani, na das Boot fährt auf den See hinaus ni mtumbwi unaotoka mwaloni kuelekea ziwani. Swali la kujiuliza ni kama kitendo kinampeleka mtu au kitu mahali ambapo hakikuwapo. Jibu likiwa ndiyo, ni akuzativi. Mji haujongei, hivyo Mwanza liegt am Viktoriasee, na am ni an dem.

Jinsia nayo inahitaji uangalifu hapa, kwa sababu der See ni ziwa na die See ni bahari. Akisema an der See, mkazi wa Mwanza atakuwa amehamia pwani.

Genitivi

Genitivi huonyesha umilikaji: das Boot des Fischers ni "mtumbwi wa mvuvi". Tofauti na Kiswahili ni ya upande. Kiunganishi -a hufuata kinachomilikiwa (mtumbwi wa mvuvi, chombo cha mvuvi, nyavu za mvuvi), lakini des hufuata mmiliki, na hakibadiliki hata kinachomilikiwa kikibadilika. Nomino nyingi za kiume na za kati huongezwa pia -s au -es. Katika mazungumzo genitivi mara nyingi huachwa na badala yake hutumiwa von pamoja na dativi: das Boot vom Fischer. Katika maandishi rasmi bado ina nguvu, pia baada ya vihusishi kama während na wegen.

Ulinganisho na lugha nyingine

Majina ya uhusika yametoka katika Kilatini, ambacho kilikuwa na aina sita. Kirusi nacho kina sita. Lugha za Kibantu za kandokando ya Ziwa Viktoria, kama Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya, hutumia ngeli na viambishi vya kitenzi kama Kiswahili. Lakini haifai kusema kwamba uhusika ni jambo la Ulaya tu. Kimaasai hutofautisha nomino iliyo mtenda na iliyo mtendwa kwa toni, na miongoni mwa lugha za Kibantu, Kiherero cha Namibia na Kiumbundu cha Angola hutumia toni kwa kazi inayofanana na hiyo. Mmaasai anayejifunza Kijerumani anakutana na wazo analolijua tayari, ila limevaa herufi badala ya sauti.

Wajerumani nao waliwahi kukaa upande wa pili wa dawati. Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa Berlin mwaka 1887 ilifundisha Kiswahili, na miongoni mwa waliofundisha huko alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900. Wanafunzi wake walipaswa kuzoea ngeli, jambo lisilo na mfano kamili katika lugha yao. Namba za ngeli zinazotumiwa na wanaisimu hadi leo zinatokana na kazi za Wajerumani wawili, Wilhelm Bleek na Carl Meinhof.

Katika ufundishaji

Kozi nyingi huanza na nominativi, kisha akuzativi na dativi ndani ya kiwango cha A1, na kuiacha genitivi hadi baadaye. A1 ndicho kiwango ambacho kwa kawaida hutakiwa kwa mwenzi wa ndoa anayeomba viza ya kuungana na familia Ujerumani, sharti lililowekwa mwaka 2007. Wauguzi kwa kawaida hudaiwa B1 au B2.

Kamusi za Kijerumani hutaja uhusika unaotakiwa na kila kitenzi kwa vifupisho ambavyo wanafunzi wengi hupita bila kuviangalia. Jdn. ni jemanden, "mtu" katika akuzativi, jdm. ni jemandem, "mtu" katika dativi, etw. ni etwas, "kitu". Kwa hiyo jdn. fragen inamwambia msomaji aseme ich frage ihn, jdm. antworten aseme ich antworte ihm, na jdm. etw. geben kwamba mpewaji yuko katika dativi na kitolewacho katika akuzativi. Anayenakili kitenzi kipya daftarini anakili na kifupisho chake.