Jamaa na Majira: Maneno ya Mwaka wa Ibada katika Parokia za Manika

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi waumini wa parokia za Manika, huko Kolwezi, wanavyoutaja kwa Kiswahili mwaka wao wa ibada na ushirika unaowafunga pamoja. Jina Manika lina maana mbili zinazohusiana: ni uwanda wa juu ambao mji wa Kolwezi umejengwa juu yake, na pia ni mojawapo ya komini mbili za mji huo, nyingine ikiitwa Dilala. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Dayosisi yake ya Kikatoliki iliundwa mwaka 1971.

Chanzo cha uchunguzi huu ni kosa la mwandishi, au tuseme jambo lililohesabiwa kuwa kosa. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika katika zoezi maneno “jamaa yetu ya parokia”. Mwalimu aliyasahihisha kwa wino mwekundu, akaandika juu yake “jumuiya”, na pembeni akaongeza kwamba jamaa ni ndugu wa damu. Kwa upande wa kamusi mwalimu hakuwa mbali na ukweli. Lakini kwa upande wa Kolwezi alikuwa amefuta neno lenye historia ya miaka zaidi ya 40 wakati ule, na nilichotaka kusema hakikuweza kusemwa tena kwa neno alilonipa.

Tuanze basi na neno lenyewe. Jamaa na jumuiya ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Humo humo zimetoka jamii na Ijumaa, siku ya kukusanyika. (Wanafunzi hupenda kuongeza jamhuri katika orodha hii, wasifanye hivyo, kwa kuwa mzizi wake ni mwingine.) Katika Kiswahili cha pwani jamaa huweza kuwa mtu mmoja, yaani ndugu au hata mtu fulani asiyetajwa jina: “jamaa mmoja alipita hapa”. Katika Kiswahili cha Katanga matumizi hayo ya mtu mmoja ni haba. Kwetu jamaa ni kundi zima la nyumbani: baba, mama, watoto, na wale wanaokula bukari katika sahani moja nao. Twasema “jamaa yangu iko Likasi”, kwa umoja, tukimaanisha watu wote wa nyumba. Ndiyo maana neno hili lilikuwa tayari kupokea mzigo liliotwishwa katika miaka ya 1950.

Mzigo huo ulitoka Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi kando ya Kolwezi. Hapo mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alianza pamoja na wafanyakazi na wake zao kikundi kilichokuja kuitwa Jamaa. Tempels alikuwa amekwisha kujulikana duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945. Lakini kitabu ni jambo moja na Musonoi ni jambo jingine. Kitabu kilieleza Wabantu kwa Wazungu, ilhali huko Musonoi padri aliketi na watu akawauliza wao wenyewe wanataka nini maishani. Majibu yao yakawa nguzo tatu za mafundisho, na zote tatu ni maneno ya Kiswahili cha kila siku: uzima, uzazi, mapendo. Nguzo hizo huitwa mawazo. Msomaji aliyezoea wazo kuwa fikra tu ya kichwani inampasa kutulia hapa, kwa sababu katika Jamaa mawazo ni kitu kinachopokewa, kinachozaliwa ndani ya mtu na kumgeuza.

Kwa nini jambo hili lilianza kambini na si kijijini? Sababu moja ni sera ya kampuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuacha mtindo wa kuwachukua wanaume peke yao kwa muda mfupi, ikapendelea wafanyakazi wenye wake na watoto, wakae kambini miaka mingi. Katika nyumba hizo walikutana Waluba wa Katanga na wa Kasai, Walunda, Wachokwe, Wasanga, Wabemba na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Hapo mume na mke walikuwa peke yao mbali na shangazi na wajomba ambao kijijini wangewafundisha maisha ya ndoa na kuwapatanisha wanapogombana. Jamaa ilijaza nafasi hiyo. Haikumpokea mtu mmoja mmoja. Ilipokea mume na mke pamoja. Walifundishwa na mume na mke wengine waliotangulia, na waliposhika mafundisho walihesabiwa kuwa wamezaliwa na hao. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kilunda aliweza kuwa na baba na mama wa Kikasai, nao wakawa wazazi wake kweli kweli katika usemi na katika heshima.

Mwanaisimu ana mengi ya kuvuna hapa. Kitenzi kuzaa (kwetu kuzala) kinaacha mwili na kuingia katika mafundisho. Kukutana, ambako pwani huweza kuwa jambo la bahati njiani, huwa ndicho kilele cha ushirika: watu wawili kufunuliana mawazo mpaka wawe na umoja. Njia ni hatua ya kuingia, na huhesabiwa: njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Kolwezi katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971, alizinasa hotuba nyingi za mafundisho kwenye kanda. Mpaka leo ni miongoni mwa maandishi bora tuliyo nayo ya Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga. Tempels mwenyewe alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na akafariki huko mwaka 1977. Baadaye maaskofu waliingiwa na wasiwasi juu ya baadhi ya vikundi, na vingine vikatengana na Kanisa. Habari hiyo ni ndefu na ina machungu yake, sitaifuata hapa.

Niliyoyashuhudia mimi ni kwamba msamiati huo haukubaki ndani ya kikundi. Katika parokia ninayoifahamu, watu ambao hawakuingia njia yoyote huitana baba fulani na mama fulani kanisani, na husema wanakwenda “kukutana” wanapokwenda sala ya mtaa. Na msamiati huo unaonekana wazi zaidi mwaka unapozunguka.

Kalenda ya Kanisa ililetwa kutoka nchi ambako Noeli huwa baridi kali na Pasaka huja na majani mapya. Manika ina majira mawili makubwa: mvua, yapata Oktoba hadi Aprili, na kiangazi kwa miezi iliyobaki. Noeli kwetu iko katikati ya mvua. Mahindi yamekwisha kupandwa, barabara ni matope, na kando yake akina mama wanauza uyoga uliotoka porini. Majilio, yaani majuma manne ya kungojea, huanguka wakati ambapo kila mwenye shamba anangoja pia. Siku yenyewe ya Noeli ni siku ya watoto na nguo mpya. Sina la kuongeza ambalo msomaji hajaliona kwao.

Kwaresima ndiyo yenye mambo. Jumatano ya Majivu huweza kuanguka mapema kama tarehe 4 Februari na kuchelewa hadi tarehe 10 Machi, na huu ndio wakati ambao mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha gharani na mapya hayajakauka. Mfungo basi humkuta mwenye shamba dogo akiwa amekwisha kupunguza chakula bila kuamriwa na mtu. Mama mmoja alinieleza tofauti hiyo kwa usahihi ambao sijauona katika vitabu: “Njaa inanikamata; mfungo ninaukamata.” Katika sentensi ya kwanza yeye ni mtendwa, katika ya pili ni mtenda, na kitenzi ni kile kile. Siku za Ijumaa waumini hufanya Njia ya Msalaba, na kwa wazee wa Jamaa neno njia hapo lina mwangwi wa njia zao za kuingia. Nilimuuliza mmoja kama anaziona kuwa neno moja au mawili. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ya kunywa na ya kuoga ni maji mawili.

Pasaka huja mvua zikikaribia kwisha, au zimekwisha. Katika mkesha wake watu wazima waliofundishwa hubatizwa, nao huhesabiwa kuwa wamezaliwa. Usemi huo si wa Jamaa peke yake, ni wa Kanisa lote tangu zamani. Lakini mahali ambapo uzazi ni mojawapo ya mawazo matatu, usemi wa Kanisa lote unasikika kama wa nyumbani. Mwezi wa Aprili na wa Mei huvunwa mahindi, na matoleo ya misa hubadilika: badala ya fedha peke yake, vikapu hupita katikati ya kanisa vikichezwa. Maandamano hayo ya matoleo yana nafasi rasmi katika Misale ya Kiroma kwa dayosisi za Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ambayo pia huweka toba baada ya mahubiri na Nasadiki, na amani mara baada ya toba, ili watu wapatane kwanza ndipo walete vipaji.

Misale hiyo huanza kwa kuwaita watakatifu na pia mababu wenye moyo mnyofu. Katika Kiswahili chetu hao ni bankambo. Neno nkambo hutumika Katanga kwa babu na kwa bibi mzaa mzazi, na hatuwezi kulikwepa, kwa kuwa bibi kwetu ni mke. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam anayesikia mwanamume akisema “bibi yangu ni kijana” asicheke. Nimesikia wasomaji wengine, kwa kutaka Kiswahili bora, wakiweka “wahenga” mahali pa bankambo. Wahenga ni watu wa methali. Hakuna anayekwenda kufagia kaburi la mhenga.

Na makaburi yenyewe yana siku mbili. Kanisa huwaombea marehemu tarehe 2 Novemba, lakini wakati huo mvua zimeanza na majani yanaota upya. Serikali nayo imeiweka tarehe 1 Agosti kuwa sikukuu ya wazazi, walio hai na waliokufa. Hapo ni kiangazi, nyasi zimekauka au zimeungua, na njia za makaburini zinapitika. Kwa hiyo kazi ya majembe na mafagio hufanywa Agosti, na sala hurudiwa Novemba. Asubuhi watu wako makaburini. Mchana wanakula pamoja na wazazi walio hai.

Ni katika siku hiyo ya Agosti ambapo nilitambua uzito wa suala la jamaa. Nilikuwa nikimhoji mama mmoja mzee juu ya majina ya undugu, nikamuuliza mama yake amezikwa wapi. Akajibu: “Mama yangu alienda Kasai mwaka wa 93.” Niliandika kwamba mzazi wake alikuwa Mkasai. Baadaye, tulipofika kwa jina la ukoo, ikadhihirika kwamba yeye ni Msanga na aliyemzaa amezikwa palepale Kolwezi. Aliyekwenda Kasai ni mama yake wa Jamaa. Msomaji anakumbuka kwamba mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao kwa maelfu, wakakaa vituoni wakingoja garimoshi za kuelekea Mwene-Ditu na Kananga, na wengi walikufa katika kungoja huko na njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesali katika makanisa yale yale, kwa Kiswahili kile kile, na wengine waliitana baba na mwana. Neno halikuzuia jambo hilo. Lakini mama yule, baada ya miaka yote hiyo, hajalipunguza neno lake: hakusema mama wa kiroho wala mama wa parokia. Nilimuuliza kama hakuna namna ya kuwatofautisha hao wawili, maana fomu yangu ilikuwa na nafasi moja tu. Akasema niandike wote.

Huko Tanzania na Kenya maaskofu wa Afrika ya Mashariki walichagua katika miaka ya 1970 kuyaita makundi ya mtaani “jumuiya ndogo ndogo”. Ni jina zuri, nami silipingi. Tofauti ni kwamba mtu hujiunga na jumuiya na huweza kuiacha, ilhali jamaa humo mtu huzaliwa. Anayesahihisha la pili kwa la kwanza habadilishi lahaja tu.

Siku hizi mitaa ya Kolwezi inahamishwa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya shaba na kobalti. Kasulo, ambako mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba, ilipoteza sehemu ya wakazi wake mwaka 2017. Mtaa ukihama, sala ya mtaa hutawanyika, na wazee wanaojua mafundisho kwa moyo huenda kila mmoja upande wake. Wanafunzi wetu wanaotoka huko wana simu zinazonasa sauti. Likizo ndefu huangukia kiangazi, wakati ambapo wazee wana nafasi ya kuketi; na anayekwenda kuwahoji aandae fomu yenye nafasi zaidi ya moja kwa jina la mama.