Priamplifaya ya Mtumba na Santuri za Bibi

Mwaka jana bibi ya mwenzetu mmoja, anayeishi Scarborough, alitukabidhi katoni ya santuri alizokuja nazo kutoka Mombasa. Nyingi ni zile ndogo za kasi ya 45, baadhi zikiwa na nembo ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand and Sons mjini humo. Tatu ni nzito, za kasi ya 78. Tulitaka kuandika maneno ya nyimbo zote na kuyahifadhi klabuni. Lakini kwenye gramafoni yetu ndogo ya plastiki sauti ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Ngoma tulizisikia, maneno tuliyakisia.

Rafiki alituazima gramafoni nzuri yenye kasi zote tatu, na spika tulikuwa nazo. Kilichokosekana ni priamplifaya. Mfuko wa klabu ulikuwa na dola 450.

Kwanza tujue kazi ya chombo hiki. Sindano ya gramafoni hutoa umeme kidogo mno, kama milivolti 5. Isitoshe, santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa. Priamplifaya yenye tundu la PHONO hukuza umeme huo na kuirudisha sauti katika hali yake. Bila tundu hilo, chombo hakitufai hata kikiwa kizuri namna gani.

Kwa nini ya valvu, vile vichupa vya glasi vilivyokuza sauti kabla ya transista? Tuseme kweli: ya transista ingetosha. Lakini priamplifaya nyingi za valvu za miaka ya 1960 zina vitufe vya besi na sauti nyembamba, navyo vinahitajika kwa santuri za zamani, kwani kipimo cha uchongaji tunachokitumia leo kilikubaliwa mwaka 1954 tu. Tena ndani yake vitu ni vikubwa, fundi anaviona na kuvibadilisha. Toronto yenyewe ina jina katika habari za valvu: mwaka 1925 Edward Rogers alitengeneza hapa valvu iliyowezesha redio kutumia umeme wa nyumbani badala ya betri.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya kwanza tuliyoipata ilijitembeza kweli: Quad 22 ya Uingereza, safi, bei ya chini. Tulikuwa tumeshahesabu pesa fundi mmoja mzee alipotuuliza, "Umeme itapata wapi, wanangu?" Kumbe Quad 22 haina transfoma yake, hupata umeme kutoka kwa amplifaya za Quad II, ambazo bei yake hatuiwezi. Jambo jingine la kuangalia ni volti. Hapa tunatumia 120, Afrika Mashariki ni 230 au 240, na chombo cha zamani huenda hakina swichi ya kubadilishia.

Mwishowe tulinunua Dynaco PAS-3 ya Marekani kwa dola 250. Imekwaruzika usoni, lakini ina tundu la PHONO na transfoma yake mwenyewe. Kabla ya kulipa tuliiwasha nusu saa na kusikiliza bila santuri. Mvumo mzito ulikuwepo, dalili ya kapasita zilizozeeka. Tuligonga kila valvu polepole kwa penseli. Moja ililia kama kengele. Hilo halikututisha, kwa sababu valvu zake za sauti, 12AX7, ambazo Ulaya huitwa ECC83, zinatengenezwa mpaka leo. Fundi alibadilisha kapasita na valvu ile kwa dola 130. Sisi hatukufungua kifuniko: ndani mna mamia ya volti, na kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Dola 60 zilinunua sindano pana ya santuri za 78, maana mfereji wake ni mpana kuliko wa santuri za baadaye. Tukabaki na dola 10.

Ushauri wetu basi: ukiwa na pesa kidogo, usizimalizie kwenye jina wala valvu adimu. Weka karibu theluthi moja kwa fundi na sindano.

Jumapili moja tulimwalika bibi aje kusikiliza. Katika wimbo mmoja sisi tulikuwa tumeandika "moto", na tulikuwa tumeshabishana juu ya maana ya moto huo. Bibi alisikiliza mara moja tu, akacheka.

"Si moto, wajukuu zangu. Ni mato. Macho! Hicho ni Kimvita."

Tukarudisha sindano. Safari hii "a" ilisikika waziwazi. Sasa tunarudia kurasa zote tulizoandika mwanzo, na bibi anakuja kila Jumapili ya pili. Mwenye santuri nyumbani na aje nazo.