Kinga ya Rais Inaishia Wapi?

Mwami, yaani chifu wa kimila, akigonga muhuri kwenye karatasi ya shamba huko Masisi, mashariki mwa Kongo, mkono ni wake lakini kitendo ni cha kiti. Akimpiga jirani kwa ugomvi wa ng'ombe, hapo ni mtu kama watu wengine. Kinga ya rais, yaani ulinzi wa kisheria unaozuia asishtakiwe, imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 haikumweka rais juu ya sheria. Kwa makosa ya kazi yake, uhaini ukiwemo, anahukumiwa na Mahakama ya Katiba, baada ya theluthi mbili ya wabunge na maseneta kukubali wakiwa wameketi pamoja katika Kongresi. Makosa yasiyohusu kazi husubiri muhula uishe.

Na akishaondoka? Sheria ya tarehe 26 Julai 2018 inasema matendo ya urais hayashtakiwi tena. Matendo mengine hushtakiwa, ila Kongresi ikubali kwanza, kwa theluthi mbili.

Rais Joseph Kabila aliondoka madarakani Januari 2019, akawa seneta wa maisha. Mwaka 2025 mwendesha mashtaka wa kijeshi alimtuhumu kushirikiana na M23, kundi la waasi lililoteka Rubaya na Masisi-Centre, kisha likaingia Walikale mwezi Machi. Kabila alikana. Tuhuma hizo ni za baada ya urais, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nani anamwondolea kinga? Tarehe 22 Mei Seneti ilimwondolea yenyewe, kwa kura 88 dhidi ya 5. Tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo.

Hoja ya Seneti ina uzito: kila baraza lina mamlaka juu ya watu wake. Lakini Kabila alikuwa na kinga mbili, ya useneta na ya urais wa zamani, na kuondoa moja si kuondoa nyingine. Sheria ya 2018 inaitaja Kongresi waziwazi. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilirukwa, na sisemi hivyo kumtetea Kabila. Mama aliyekimbia Rubaya na godoro kichwani anastahili hukumu ambayo wakili hawezi kuibomoa kwa kasoro ya utaratibu.

Kongresi iliporukwa, wabunge waliochaguliwa Walikale Desemba 2023 hawakuulizwa. Masisi, kwa sababu ya vita, uchaguzi huo haukufanyika kabisa.