Ukiweka pampu ya umeme, chunga waya wake

Huenda wewe, msomaji, unayo ile trekta ndogo ya kukata nyasi, ama ndiwe unayeitunza ya shule au ya hoteli. Ikiwa ni ya miaka mingi, iko siku itakata mistari miwili, ikohoe, izime. Ukiiacha kidogo, inawaka tena.

Kwanza legeza kifuniko cha tangi. Ikiwa sasa inaenda vizuri, ni tundu la hewa la kifuniko lililoziba, na umeokoa pesa zako. La sivyo, tazama pampu ya petroli.

Katika injini nyingi za kale, mathalan zile za Kohler za aina ya K, pampu hufungwa ubavuni mwa injini. Kamshafti husukuma mkono wake, na mkono huo huchezesha kiwambo cha mpira. Kiwambo kikizeeka hutoboka, na petroli huweza kuteremka hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Kikinuka petroli, usiiwashe injini hiyo kamwe mpaka pampu itolewe na oili ibadilishwe. Oili iliyochanganyika hivyo haikingi tena vyuma, na injini itasagika.

Kwa vile spea za pampu hizo ni taabu kupata, mafundi hupendekeza ya umeme, ya volti 12. Ni ushauri mzuri, lakini si pampu yoyote tu. Kabureta ndogo hutaka nguvu ya kama pauni 2 hadi 4 kwa inchi ya mraba. Fundi akikuletea iliyotolewa kwenye gari la injeksheni, ambayo huweza kusukuma pauni 40 na zaidi, mkatalie. Petroli itafurika juu ya injini moto.

Kazi yenyewe si kubwa. Tundu la pampu ya zamani lizibwe kwa kipande cha chuma na gasketi, ama oili itaruka nje. Pampu mpya ikae chini, karibu na tangi, maana hizi husukuma vyema kuliko zinavyovuta. Filta iwe kati yake na tangi.

Hatari iko kwenye waya. Pampu ya zamani ilisimama injini iliposimama. Hii ya umeme haina habari. Trekta ikipinduka mteremkoni na mpira wa petroli uchomoke, itaendelea kumwaga. Basi usikubali waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri, hata fundi akisema ndivyo afanyavyo siku zote. Upite kwenye swichi ya ufunguo, uwe na fyuzi. Injini nyingine huwekewa swichi inayokata umeme oili ikikosa msukumo, lakini hizi za K zenye silinda moja hurusha oili tu, hazina msukumo huo. Kwa hivyo pampu iwekewe swichi yake chini ya kiti.

Kabla ya kumlipa fundi, keti, fungua ufunguo bila kuwasha injini, usikilize pampu ikigonga. Kagua kila kiungo kama kinavuja. Kisha inuka kitini. Mlio usipokoma papo hapo, mrudishie kazi yake.