Soli ya Dukani au Soli ya Kupimwa?

Mtu wa pwani akihamia Kakamega, miguu ndiyo ya kwanza kujua kwamba amehama. Kwetu mchanga na makubadhi vimeelewana tangu jadi. Huko Magharibi, miezi ya masika mvua humwagika alasiri baada ya alasiri, udongo huteleza na njia hupanda na kushuka. Kubadhi huwekwa kando, hununuliwa kiatu cha kufunika, na haukupita muda kisigino kikaanza kulalamika. Hapo mmoja atamwambia anunue soli ya kutia ndani ya kiatu, mwingine atamwambia aende hospitali akapimwe wayo atengenezewe yake. Bei za vitu viwili hivi haziko karibu hata kidogo, kwa hiyo yafaa kujua kila kimoja ni cha nani.

Tuanze na kiatu chenyewe. Wengi wa Kakamega, kama wa Mombasa, huvaa mtumba, na kiatu cha mtumba hakiji kitupu. Mna ndani yake wayo wa mwenyewe wa kwanza, umepigwa chapa katika soli ya ndani kama muhuri. Ikiwa yeye alilalia upande wa nje, nawe utafuata upande ule ule pasipo kujua. Kuing'oa soli hiyo kuukuu na kutia mpya ya bei nafuu si anasa hata kidogo. Lakini kabla hujalipa, simama juu ya karatasi, uchorwe wayo wako kwa kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Ukiona mchoro umetokeza pembeni, usinunue soli, nunua kiatu. Soli itazidi kukubana tu.

Yako maumivu ya kisigino yanayochoma kwa hatua za mwanzo, mtu anapoondoka kitandani kwenda kuswali alfajiri, kisha yakapungua kadiri anavyotembea. Aghalabu huo ni ule utando mgumu wa chini ya wayo uliochoka. Huko Australia watu 135 wenye maumivu hayo waligawanywa makundi matatu: wenye soli za kupimwa, wenye soli za dukani, na wenye sponji laini isiyo na kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika miezi mitatu ya kwanza soli za kupimwa na za dukani ziliwasaidia watu kidogo katika shughuli zao, takriban sawasawa. Ulipotimia mwaka, hapakuonekana tofauti ya maana baina ya makundi yote matatu. Basi kwa kisigino cha namna hii, mwenye kuuza mbuzi wake ili akapimwe soli amefanya haraka. Na atie ya dukani, anyooshe misuli ya shavu la mguu kila siku, asubiri.

Wayo usiohisi ni habari nyingine kabisa. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, aliwaonyesha wenzake kwamba vidonda vya nyayo za wenye ukoma havikutoka kwa nyama kujiozea, bali kwa sababu mgonjwa haumwi, basi hukanyaga pale pale palipoumia, siku nenda siku rudi. Watu wa Magharibi mwa Kenya waliijua habari hiyo kwa macho yao, maana hospitali ya ukoma ilikuwa Alupe, Busia. Siku hizi ganzi hiyo huletwa zaidi na ugonjwa wa sukari, na pwani tunaujua vizuri mno.

Mwenye ganzi hana kipimo cha kuichagua soli ya dukani, kwa sababu kipimo chake ni maumivu, nayo hayapo. Huyu amwombe daktari barua ya kwenda kwa fundi wa viungo. Fundi huchukua umbo la wayo kwa plasta au kwa sponji ya kukanyagia, hupasha moto bamba la mpira laini, hulilaza juu ya umbo, kisha hulikata na kulichimba pale penye hatari ili uzito uhamie kwingine. Mgonjwa aende na kiatu chake, kiwe chenye kina. Soli nzuri katika kiatu kifupi humkwaruza vidole. Siku ya kwanza aivae saa moja tu, avue, atazame wayo kama umefanya wekundu.

Msikitini viatu huachwa mlangoni, na soli nayo hubaki humo. Kwa hiyo mwenye ganzi asivuke ua kwa miguu mitupu sakafu inapounguza adhuhuri.  Na maadamu huosha miguu kwa udhu mara kwa mara, apenyeze kidole baina ya vidole, akaushe, na nduguye amtazamie unyayo asioweza kuuona.

Akirudi pwani kwa likizo, joto litamkataza kiatu cha kufunika. Basi amwulize fundi kuhusu ndara ya kupimwa yenye mkanda wa nyuma. Kwa Mombasa, iko karakana ya APDK, Port Reitz, chama kilichoanzishwa mwaka 1958. Kubadhi la kidole kimoja, kwa wayo usiohisi, huchomoka na mwenyewe asijue.