Mti ukishapigwa picha, nani anauhesabu?

Kila Juni 5 vyuo vyetu huvaa kijani. Fulana zimechapwa, bango limetundikwa getini, mgeni rasmi kaandaliwa jembe lenye mpini mpya, na shimo lilishachimbwa tangu jana yake ili asije akahangaika mbele ya kamera. Wanafunzi hupanga foleni ya miche, hupiga picha, hunywa soda, na ikifika saa saba mchana uwanja umebaki na viriba vyeusi vilivyochanwa. Sina ugomvi na shamrashamra hizo. Siku ya Mazingira Duniani imeadhimishwa tangu 1973, na wapo watu wazito kwenye fani hii walioingia kwa mlango huohuo wa fulana na soda. Ugomvi wangu ni na kalenda.

Mapema Juni, kwa Dar es Salaam na ukanda wa pwani, masika yanakata. Kinachofuata ni kipupwe, kisha kiangazi kinachosubiri vuli ya Oktoba. Dodoma ndiyo kabisa: mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, hivyo mche unaopandwa Juni unazaliwa ndani ya ukame. Chuo nacho kina msimu wake. Mitihani ya muhula wa pili ikiisha, vijana hutawanyika, hawa makwao, wale kwenye mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi. Mche uliopandwa na umati unabaki mikononi mwa mtunza bustani mmoja mwenye mpira wa maji unaovuja. Wakirudi mwaka mpya wa masomo wanakuta kijiti, na mwaka unaofuata shimo linachimbwa palepale. Aprili 1, siku ya kupanda miti Tanzania, imekaa vizuri zaidi katikati ya masika, ila haijabahatika kupata wafadhili wengi wa fulana.

Kenya walijaribu kuipatanisha sherehe na mvua. Novemba 13, 2023, wakati wa vuli, Serikali ilitangaza sikukuu ya taifa ili wananchi wote wakapande miti, ikiwa sehemu ya lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Siku ilichaguliwa kwa akili. Lakini hesabu inayotajwa majukwaani ni ya kupanda, na mti una tabia ya kufa bila kumjulisha aliyeupanda.

Hata Profesa Wangari Maathai alianza na Juni 5. Mwaka 1977, siku hiyo, msafara ulitembea hadi bustani ya Kamukunji jijini Nairobi ukapanda miti saba, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Wakati huo alikuwa akifundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilichoitofautisha kazi yake na sherehe nyingine ni utaratibu wa malipo. Akina mama waliootesha miche walilipwa senti chache kwa kila mche, na senti hizo zilitoka baada ya kuthibitika kwamba mche umeshika. Maana yake ilibidi mtu arudi shambani na daftari, apite mstari kwa mstari, aandike huu mzima, huu umeliwa na mbuzi, huu haupo.

Huyo mtu wa daftari ndiye mwanachuo anayetakiwa sasa hivi, na ndiye ambaye matangazo ya mbao za chuo hayamtaji. Matangazo yanataka wajitolea, mabalozi, washiriki. Soko linataka wanaojua kupima. Tangu Tanzania ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, misitu ya vijiji imegeuka kuwa mali inayohitaji vitabu vya hesabu. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimeshaonja fedha hizo. Kituo cha taifa kinachofuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ndani ya uzio ambao wanafunzi huupita kila siku wakienda kula. Mnunuzi wa Ulaya hanunui msitu kwa kuuangalia. Ananunua tani, na tani hupatikana kwa kijana aliyezungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, akaandika namba sahihi hata jua lilipokuwa limemchosha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa kuni za viwandani, sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Mwaka 1991 yakaanza majaribio ya kurudisha msitu. Mtafiti James Kairo, ambaye leo ni mwanasayansi mkubwa wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), aliandika tasnifu yake ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1995, kuhusu kuotesha upya na kutunza mikoko ya hapohapo Gazi. Tasnifu, ndugu msomaji: kile kitabu ambacho wengi wetu tulikijalidi, tukakikabidhi, tukakiacha kwenye rafu ya maktaba kikila vumbi. Kazi ya namna hiyo, ikiendelezwa miaka baada ya miaka, ndiyo iliyozaa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wa kwanza duniani kuuza kaboni ya mikoko chini ya usimamizi wa wanakijiji. Eneo lake ni hekta 117 tu, na mauzo ni kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mwanafunzi anayekwenda mahali kama pale hujifunza kwanza kwamba neno mikoko linaficha mengi. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na maji mengi. Nyuma yake mkoko wenyewe, na mizizi yake ya mikongojo. Halafu muia, mkandaa, na mchu, ambao unaota pembezoni mwa bahari na tena kule nyuma kwenye chumvi kali. Mvuvi na mkata boriti wanayajua haya bila kufungua kitabu. Vikundi vingi vinavyokuja na basi la kukodi havijui. Vinaokota mbegu za mkoko kwa sababu ni ndefu na rahisi kuchomeka, vinazichomeka popote palipo wazi, mara nyingi mbele mno ambako maji hayaondoki vya kutosha. Viumbe vya magamba vinang'ang'ania shina changa, mawimbi yanamalizia. Sehemu iliyo wazi ufukweni huwa na sababu yake ya kuwa wazi, na kuitafuta sababu hiyo ni utafiti wa shahada ya kwanza uliokamilika.

Kupima nako kuna mambo yake. Ile mita 1.3 haifanyi kazi kwa mkoko, kwa kuwa hapo unaweza kukuta bado ni mizizi. Hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaoshikilia shina. Aliyepima kwa mazoea ya msitu wa bara anaharibu hesabu yote. Tena sehemu kubwa ya kaboni iko chini, ndani ya tope jeusi linalonuka, hivyo bomba linazamishwa, udongo unatolewa, unakatwa vipande, unakaushwa maabara. Kazi hiyo inafanywa kwa kufuata bamvua na maji mafu. Ratiba ya mihadhara haina kauli, na anayechelewa kuamka amepoteza siku nzima.

Kwa upande wetu, delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulio sehemu moja katika Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja tangu 1978. Unguja hiyohiyo ndiko yaliko makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo hutoa ruzuku ndogo za utafiti ziitwazo MARG, zikiwemo za kuwasaidia wanafunzi wa uzamili kumalizia kazi zao. Kwa wa misitu kuna kozi za porini za Tropical Biology Association, ambazo zimekuwa zikifanyika Amani, Usambara Mashariki, na Kibale kule Uganda, zikiwachanganya vijana wa Afrika na wa Ulaya kambi moja. Msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, ni mali ya SUA. Nimekutana na wahitimu wa hapo wasiojua kwamba chuo chao kina msitu wa asili.

Asiye na nauli ya Usambara wala Kwale aanzie jikoni. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa mwishoni mwa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Chuo ni taasisi ya kulisha watu. Hapo kuna swali kwa mhandisi (sufuria la maharage linakula gesi kiasi gani, na likifunikwa je?), kwa mhasibu, na kwa mwanasheria anayetaka kujua katazo limefuatwa kwa kiwango gani. Hata mama lishe wa nje ya geti, anayelisha wanafunzi wengi kuliko kantini yenyewe, ana nafasi yake katika maswali hayo. Wanafunzi wa biashara wangeweza kukaa naye wakapiga mahesabu ya gunia la mkaa na mtungi wa gesi. Nadhani wangeshangazwa na jinsi anavyolijua gunia lake mpaka kokoto ya mwisho.

Taka nazo zina siku yake, Septemba 20, ya usafi duniani. Kuokota chupa ufukweni Coco ni jambo jema, ila chupa zinarudi na maji yajayo. Kinachobaki ni takwimu. Vikundi kama Nipe Fagio cha Dar es Salaam vimezoesha vijana kumwaga kilichookotwa juu ya turubai na kukihesabu kwa nembo, kampuni kwa kampuni, ili mzalishaji naye atajwe. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 2017 na Rwanda tangu 2008. Sokoni kwetu vifungashio vyepesi vimechukua nafasi ya mifuko na kuitwa jina jingine. Mwanafunzi wa sheria aliyehesabu vifungashio hivyo soko moja kwa muhula mmoja anaweza kuingia kikaoni na NEMC, baraza la taifa la mazingira, akasikilizwa.

Ndege wa majini nao huhesabiwa kila Januari duniani kote, kuanzia mabwawa ya Bonde la Ufa hadi fukwe za tope, na wahesabuji hawatoshi siku zote. Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yanayoandaliwa na Nature Kenya kuanzia Makumbusho ya Taifa, ambako mwanagenzi anaazimwa jicho la mzoefu. Anayeweza kutofautisha sululu na kitwitwi ana soko kwa watalii pia, lakini hilo tuliache.

Najua watakaouliza: mbona husemi mikutano mikubwa? Ipo. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, Nairobi, na Baraza la Mazingira hukutana hapohapo. Vijana wana jukwaa lao rasmi, YOUNGO, kwenye mazungumzo ya tabianchi. Mwenye kupata mwaliko aende, avae suti, ajifunze jinsi sentensi moja inavyoweza kubishaniwa usiku kucha. Nina shaka tu na mtindo wa kuwafanya vijana mapambo ya jukwaa, wanapewa dakika tatu za kusema wao ni taifa la kesho kisha wanaombwa wakae. Wanaosikilizwa kule ni wale wenye namba walizozikusanya wenyewe. Mwaka 1991, kwenye kibaraza cha mtafiti wa sokwe Jane Goodall jijini Dar es Salaam, walikusanyika wanafunzi 12 wa Kitanzania wenye hoja za mambo waliyoyaona kwa macho yao, uvuvi wa baruti ukiwemo. Hapo ndipo Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mazingira, ilipoanzia kabla ya kusambaa duniani. Hawakuwa hata wa chuo, walikuwa wa sekondari.

Bumu, ile posho ya mkopo wa chuo, halitoshi, hilo halina ubishi. Nauli, buti za mpira, utepe, chakula cha siku tano kijijini, vyote ni fedha, na kazi ya kujitolea inakuwa ya wenye wazazi wenye uwezo. Njia ninayoiona ni kuipachika kazi hii ndani ya kile ambacho tayari kina bajeti, yaani fildi na utafiti wa mwaka wa mwisho. Badala ya kukaa wiki nane ofisini ukitumwa kutoa nakala, omba kupangiwa halmashauri yenye msitu wa kijiji. Msimamizi wako akikubali, karatasi zinazotakiwa si nyingi: barua ya utambulisho ya chuo, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa msitu wa hifadhi, na nakala kwa ofisi ya kijiji, ambako mtendaji atataka kuiona kabla hujakanyaga. Kibali hakitoki kwa siku moja. Anayetaka kuingia msituni Januari aombe Novemba, aambatanishe ramani ya eneo, na aandike namba ya simu inayopatikana.